Tovuti Yako ni Baraza Yako: Haki Mbili za Mgeni



Siku hizi waalimu wa vyuo, wafanyabiashara na familia nyingi visiwani wana tovuti zao ndogo. Mmoja huweka darsa, mwengine nyakati za Swalah, mwengine bei za vitambaa. Tovuti hiyo ni kama baraza ya nyumba: anayefika ni mgeni wako, naye ana haki mbili.

Ya kwanza, aweze kuingia. Sote tunakijua kisa cha Swahaba kipofu, 'Abdullaah bin Ummi Maktuum (Radhiya Allaahu 'anhu), kilichotajwa mwanzoni mwa Suwrah 'Abasa. Kipofu wa leo hutumia simu yenye programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Ukiweka nyakati za futari kwa picha tu, huenda akasikia neno "picha" na basi. Ziandike kwa maandishi ya kawaida, na kila picha yenye maana iwekee maelezo mafupi. Taja pia lugha ya ukurasa katika mipangilio yake, kwani bila ya hivyo Kiswahili kinaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Herufi ziwe kubwa na zilizokoza, wazee wasikaze macho. Na ukurasa uwe mwepesi, usimalize bando la mtu.

Ya pili, asipelelezwe. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametukataza kupelelezana katika Suwrah Al-Hujuraat, Aayah ya 12. Wengi wetu hatukusudii hilo, ila twawakaribisha wapelelezi bila ya kujua. Ukibandika kihesabu cha wageni, matangazo, ramani au video ya kampuni nyengine, simu ya msomaji huwasiliana na kampuni hiyo papo hapo, nayo inaweza kujua ukurasa anaousoma. Mfikirieni dada anayesoma usiku kuhusu talaka, na hata mama yake hajamwambia. Vipi kampuni ya matangazo iwe ya mwanzo kujua?

Basi ondoa kila usichokihitaji. Badala ya kubandika video, weka kiungo, na atakaye ataifuata mwenyewe. Anayekuandikia usimuulize zaidi ya unachohitaji ili umjibu, na ukishamaliza, futa. Picha na majina ya watoto wa chuoni yasiwekwe bila ya idhini ya wazazi.

Tena usisahau kulipia jina la tovuti kabla ya muda wake kwisha. Likiachwa, mtu mwengine anaweza kulinunua akaweka machafu, na waliokuwa wakikufuata wakaangukia huko.

Jaribu leo: washa TalkBack kwenye simu ya Android, au VoiceOver kwenye iPhone, fumba macho, usikilize ukurasa wako mwenyewe. Ukipotea wewe uliyeujenga, mgeni wako atafika wapi?

Wa Allaahu A'lam.