Manju Nao ni Watunzi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia matamasha ya kuwaenzi watunzi wa muziki wa dansi. Huko mambo yamenyooka. Mshereheshaji akitangaza wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, au wa Marijani Rajabu, "Jabali la Muziki", aliyetutoka Machi 1995, ukumbi mzima unajua nani katunga na alikuwa bendi gani. Bendi inayourudia hupimwa kwa jinsi ilivyoukaribia ule wa redioni. Ikikosea kipande cha gitaa, wazee watanong'ona.

Leo tuelekee Bariadi, ambako kumuenzi mtunzi kuna taratibu nyingine kabisa.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, nayo imo katika nchi ya Wanyantuzu, ndugu wa Wasukuma wa Maswa, Magu na kwingineko. Ni nchi ya ng'ombe na pamba, na kalenda ya ngoma, au mbina kama wenyewe wanavyoita, hufuata kalenda ya shamba. Masika watu wana jembe mkononi. Mavuno yakishaingia na pamba ikauzwa, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, ndipo viwanja vinapojaa.

Wanaoshindana humo ni vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Simulizi za Wasukuma zinavirudisha vyama hivi viwili katika karne ya 19, kwa mafundi wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani kati yao ana ngoma na dawa kali zaidi. Kila mmoja akapata wafuasi, na ushindani wao haujaisha mpaka leo. Utaratibu wenyewe mgeni huushangaa: vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote huimba kwa pamoja. Watazamaji wako huru kuhama. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Hakuna anayetoa alama kwenye karatasi. Ndiyo maana zikawapo dawa za kuvuta watu, zinazoitwa samba, na ndiyo maana wengine huingia uwanjani na fisi au chatu.

Waandishi wa habari na wapiga picha hukimbilia chatu. Siwalaumu sana, chatu anapendeza kwenye picha. Lakini muulize mzee aliyezoea viwanja hivyo, atakwambia mnyama humvuta mtu kwa dakika chache, akishamwona anaondoka. Kinachomzuia asihame ni maneno, na maneno ni kazi ya manju. Yeye ndiye anayetunga, anayeanzisha, anayemtania mpinzani, anayesifu, anayekemea. Katika wigashe, ambapo waimbaji huketi kwa mistari na miili ikacheza kuanzia kiunoni kwenda juu, hata miguu haipo ya kukusaidia. Ukiwa huna cha kusema, watu watajua upesi.

Hapa ndipo suala la kumbukumbu linapoingia. Manju wa Usukuma hujitaja kwa jina ndani ya wimbo wake. Wimbo unapopita kwa waimbaji wa baadaye, jina husafiri nao. Kijana anayeuchukua halazimiki kuunakili neno kwa neno. Huongeza yake, hubadilisha ya zamani yasiyofaa tena, humtaja aliyemtangulia, na wakati mwingine humjibu. Mtu aliyezoea zilipendwa anaweza kuona huku ni kuharibu. Mimi naona ni heshima kubwa zaidi, kwa sababu marehemu anachukuliwa kama mtu ambaye bado tunabishana naye.

Kwamba nyimbo hizi zina wenyewe si jambo la kukisia. Mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, na humo watunzi wametajwa kwa majina, Kalikali akiwa miongoni mwao. Hata hivyo, tukifika kwenye sherehe zetu rasmi, majina hayo hupotea. Bendi ya mjini itatambulishwa kwa jina la kiongozi wake, mpiga gitaa wake na mtunzi wa wimbo. Kikundi cha ngoma kitaitwa "kikundi cha ngoma za asili", kitapewa dakika kumi kabla ya hotuba, basi. Neno "asili" linamfanya msikilizaji aamini kuwa wimbo uliota wenyewe kama nyasi.

Sheria nayo inachangia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, kazi za Mbaraka zinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2029. Lakini sheria hiyohiyo ina sehemu yake ya sanaa za jadi, ambazo huhesabiwa kuwa mali ya jamii na si ya mtu. Kwa hadithi za kale ambazo hakuna ajuaye zilianzia wapi, ni sawa. Kwa wimbo wa manju aliyekuwa hai miaka ya themanini, mwenye wajukuu Itilima au Meatu, kuuweka katika kapu hilo ni kumnyang'anya.

Bariadi haikosi uwanja. Nyakabindi ilibeba Nane Nane ya kitaifa kuanzia mwaka 2018 hadi 2020. Tamasha la kuwaenzi manju wa Simiyu linaweza kufanyika palepale, baada ya pamba, kwa masharti machache. Kila wimbo utangazwe kwa jina la mtunzi, kijiji chake na chama chake. Warithi waketi mbele, nao walipwe. Na waandaaji wasithubutu kuwapanga Wagika na Wagalu kwa zamu kama kwaya za shule. Waingie pamoja, watazamaji wahame watakavyo.

(Itaendelea juma lijalo: waimbaji wa Kisukuma wa harusini, kinanda na simu za mkononi.)