Namba ya Leseni Kwanza, Milingoti Baadaye

Muulize mtu yeyote pale stendi ya Makambako mgodi wa karibu uko wapi. Atakunyooshea mkono upande wa Ludewa, kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, au atakutajia dhahabu ya Chunya. Wakati huo huo lori la mchanga mbichi linapita mbele yake, linadondosha maji barabarani, na wala halimjii akilini. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mchanga ule ni madini. Kokoto ni madini, mawe ya msingi ni madini, na shimo vinakotoka ni mgodi. Yanaitwa madini ujenzi, na anayeyachimba kwa biashara anatakiwa kuwa na leseni kama yule wa dhahabu.

Mimi ni mtu wa miti. Njombe hata ikikosa viazi haitakosa miti: misindano, milingoti, na miwati iliyoanza kupandwa na kampuni ya Tanganyika Wattle zaidi ya miaka 70 iliyopita. Wateja wangu wengi hununua mirunda ya ujenzi na nguzo za uzio. Wachache hununua matimba, yaani ile miti inayosimamishwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia, ili mwamba usimdondokee mchimbaji. Kwa sababu ya matimba nimeshuka kwenye maduara ambayo muuza mirunda hana haja ya kuyashuka, na baadaye mimi na shemeji yangu tukachukua leseni ya mawe kando ya barabara ya kwenda Njombe.

Mteja anayenitia wasiwasi namjua kwa swali moja tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Nataka miti ya matimba, kama mia mbili hivi. Kuna eneo tumepata kule Ludewa, linatema."

"Leseni ya nani?"

"Tumeelewana na mwenye shamba. Na mwenyekiti wa kijiji anatujua."

Hapo biashara inasimama kwanza. Mwenye shamba ana haki ya kulima, kujenga na kulipwa fidia shamba lake likiharibiwa. Madini yaliyo chini ya mahindi yake si yake. Ni mali ya umma, na serikali ndiyo inayotoa ruhusa ya kuyachimba, kupitia Tume ya Madini. Kuelewana na mwenye shamba ni lazima, maana huwezi kuingia kwenye ardhi ya mtu au kuchimba jirani na nyumba yake bila ridhaa yake. Ila ridhaa hiyo ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko ofisini kwa Afisa Madini Mkazi, na siku hizi maombi yenyewe yanaingizwa kwa kompyuta.

Leseni ya mchimbaji mdogo, ile kila mtu anaita PML, ni ya Watanzania peke yao. Hudumu miaka 7, kisha huhuishwa. Kwa madini kama dhahabu, eneo lake halizidi hekta 10. Anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kusikilizwa, hata kama aliyechelewa ndiye aliyeona mwamba kwanza. Nimeshuhudia watu wakigombana juu ya hili mpaka karibu kushikana mashati: mmoja amechimba msimu mzima, mwingine amekaa mjini na ramani. Sitasema sheria ina huruma hapo. Lakini ndiyo hiyo, na kijana anayegundua kitu leo asianze kwa kununua sururu.

Sasa mipaka. Mwenye leseni anatakiwa kuweka alama kwenye kona za eneo lake na kuhakikisha zinaendelea kuonekana. Wachimbaji huziita bikoni. Sisi tulimimina nguzo za zege zenye nondo katikati, tukazipaka rangi nyeupe na kuandika namba ya leseni upande unaotazama nje. Kuna wanaotumia bomba la chuma, na kuna wanaorundika mawe na kuyapaka chokaa. Mti peke yake haufai. Nauza miti, na bado nasema haufai: mchwa watakula, moto wa kiangazi utapita, au mama mmoja ataokota kuni zake kwa nia njema kabisa.

Kosa kubwa zaidi halipo kwenye nguzo, lipo kwenye pointi. Ramani za zamani za serikali zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu yako, usipoielekeza vingine, inasoma mfumo wa WGS84. Namba zinafanana sura, lakini ukichukua pointi za mfumo mmoja na kuzitafuta ardhini kwa mfumo mwingine, huku kwetu utajikuta umesogea karibu mita 300, zaidi kuelekea kaskazini au kusini. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande una mita 316. Kwa maana nyingine, kijana mwenye simu nzuri na leseni halali anaweza kusimika bikoni zake zote nne kwa uaminifu, akapanga watu, akanunua matimba kwangu, na asiwe hata ndani ya eneo lake. Atakuwa anamchimbia jirani. Kwa hiyo namwambia kila anayenisikiliza: muulize afisa madini pointi zako ziko kwenye mfumo gani, weka GPS kwenye mfumo huo huo, na mlipe mpimaji kabla ya kumlipa fundi wa zege.

Watu huchukulia bikoni kama habari ya mali: hapa changu, pale chako. Mimi naiona kwanza kama habari ya uhai. Mpaka wa leseni hauishii kwenye majani, unashuka wima kwenda chini. Kule Mererani, kwenye tanzanaiti, mshipa wa madini haujali mpaka, na wachimbaji huufuata popote unapoelekea. Siku moja ukuta wa mwamba unatoboka na upande wa pili kuna watu wa mgodi mwingine. Wenyewe huita mitobozano. Ugomvi wa mawe na ngumi ndio unaosimuliwa sana, lakini hatari yenyewe ni baruti. Timu ya huku inawasha tambi baada ya kuhesabu watu wake wote wametoka. Watu wa upande wa pili hawamo kwenye hesabu hiyo. Hewa chafu ya mlipuko inapita kwenye tundu, na maji ya mvua yakijaa duara moja yanahamia la jirani. Mafuriko ya 1998 na yale ya Machi 2008 yaliua makumi ya watu Mererani. Maji yaliyoingia kwenye mashimo yaliyoungana hayakuulizana leseni.

Bikoni ina kazi nyingine: inamtaja mtu. Kwenye migodi midogo kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayegharamia chakula na vifaa, kuna msimamizi, na kuna vijana wanaolipwa kwa mifuko ya mawe. Mambo yakienda vizuri, wote ni mabosi. Mtu akifukiwa, kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Sheria inamtazama kwanza mwenye leseni. Yeye ndiye anayepaswa kuwa na msimamizi anayejua kazi, kuhakikisha anayeshika baruti ana cheti cha ulipuaji, kukagua kuta kila zamu, kutoingiza mtoto wa chini ya miaka 18, na kuwasajili wafanyakazi kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Shimo lisilo na leseni halina mtu huyo. Januari 2024, watu 22 walifukiwa na kufa Ng'alita, wilayani Bariadi, kwenye eneo ambalo uchimbaji ulikuwa umezuiwa. Mvua zilikuwa zikinyesha. Pale hapakuwa na mtu wa kusema "leo hatuingii" akasikilizwa.

Turudi kwenye fani yangu, matimba. Fremu moja ina miguu miwili na kichwa. Miguu husimama ikiwa imetanuka kidogo chini, kichwa hukaa juu kwenye mkato uliochongwa, na kabari hugongwa kati ya kichwa na mwamba mpaka fremu ibane. Bila kabari umepamba tu. Nyuma ya miguu hupangwa mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo ambayo viwanda vya mbao hapa Makambako huyauza kwa bei ya kuni, ili vipande vidogo visichomoke. Mti lazima uwe umemenywa magamba, maana gamba hutunza unyevu na kuficha ufa. Pima unene upande mwembamba, usidanganywe na shina.

Mlingoti mkomavu hubeba mzigo mkubwa kuliko msindano. Hata hivyo wazee wa madini wengi huniomba msindano, na mwanzoni sikuelewa. Mlingoti unaweza kuvumilia kimya kimya halafu ukakatika ghafla. Msindano hulalamika. Mzigo ukizidi, unaanza kutoa milio, nyuzi zake zinajikunja na kupasuka moja moja, na aliye ndani anapata nafasi ya kukimbia. Niliwahi kusimama kwenye duara moja Chunya, msimamizi akaninyamazisha kwa kidole, tukasikia mlio mmoja mwembamba, kama kiberiti kinachovunjwa. Tulitoka bila kuulizana. Fremu ilibadilishwa jioni ile.

Kwenye machimbo ya mchanga na mawe hakuna matimba, kwa hiyo watu hudhani hakuna hatari. Hapo ndipo ninapokasirika. Mchimba mchanga huanza chini ya ukingo kwa sababu mchanga wa chini ni laini. Anakula ndani, anatengeneza pango, anasubiri wa juu ushuke wenyewe. Kiangazi unashuka kidogo kidogo. Kuanzia Novemba, mvua za Njombe zikishalowesha udongo wa juu, ukingo mzima unaanguka kwa pamoja, na mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi ina uzito wa karibu tani mbili. Dawa yake ni kuchimba kwa ngazi kuanzia juu: unakata hatua moja pana, unashuka, unakata nyingine, na hakuna ukuta unaomzidi mtu kimo. Inachosha na inapunguza tripu za siku. Madereva wa malori hawaipendi. Waache wasubiri.

Kwenye mawe, akina mama hugonga kokoto kwa nyundo ndogo, jiwe likiwa ndani ya pete ya tairi lisiruke. Pete inaokoa vidole, haiokoi macho. Miwani ya plastiki haina bei ya kumshinda mtu. Vumbi ni adui wa polepole: likitoka kwenye mawe yenye silika hukaa kwenye mapafu miaka, huyakakamaza, na huifungulia njia kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, imepokea wachimbaji wengi wa Mererani kwa sababu hiyo. Kulowesha jiwe kabla ya kuligonga hupunguza vumbi kuliko kitambaa puani.

Na jambo moja nalisema kwa sauti kila nikipata nafasi, maana linawahusu hata wachimba visima: usishushe mashine ya petroli ndani ya shimo kuvuta maji. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Fundi anashuka kuongeza mafuta, haonekani kurudi. Mwenzake anamfuata kumwokoa. Halafu wa tatu. Mashine ikae juu, mpira ndio ushuke, na anayeshuka kumfuata mwenzake afungwe kamba kwanza.

Ni kweli wapo wanaopona: watu watano walitolewa hai Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari ile ilizunguka dunia, na naona imetuharibu kidogo. Vijana huitaja kama ushahidi kwamba mchimbaji hafi kirahisi.

Nafikiria haya zaidi ninapotazama Ludewa. Mchuchuma inatajwa kuwa na tani milioni 428 za makaa ya mawe, Liganga tani milioni 126 za chuma, na mkataba na Wachina wa Sichuan Hongda ulisainiwa tangu 2011. Fidia kwa wananchi ililipwa miaka mingi baadaye. Siku mitambo itakapoanza kweli, vijana wa Njombe yote watamiminika pembezoni mwa mradi, kila mmoja na sururu yake, na mipaka itakayokuwa inajulikana vizuri ni ya mwekezaji tu. Wachimbaji wadogo watakuwa wanaulizana njiani.

Wengine ninaowauliza namba ya leseni huenda kununua kwa jirani yangu, ambaye haulizi. Sina la kumfanya. Ninachokiomba, na nimeshakisema kwenye mkutano wa hadhara, ni kwamba kila ofisi ya kijiji chenye madini, kuanzia Mundindi na Nkomang'ombe, ibandikiwe ukutani ramani yenye leseni zote, namba zake, na mfumo wa vipimo uliotumika. Mwenyekiti aliniuliza nani atalipia. Nikamwambia karatasi ile ni rahisi kuliko zege la bikoni moja.