Mtoto Mwenye Usonji: Tuwasikilize na Wenyewe



Katika toleo hili tumeonelea tulizungumze jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa sauti ya chini, milango ikiwa imefungwa. Jambo hilo ni usonji, ambao jamaa zetu walioko Oman na Ghuba huuita kwa Kiarabu tawahudi. Zipo familia katika jumuiya yetu hapa Uingereza zilizokwisha kupokea barua ya daktari yenye neno hilo. Barua hizo hufanana: mtoto hatazami watu machoni, hachezi na wenziwe, amechelewa kusema, hapendi mabadiliko, hurudiarudia jambo lile lile. Mzazi huisoma mpaka mwisho akajua yote ambayo mwanawe hana, asijue alicho nacho.

Hatusemi kuwa barua hiyo ni ya uongo. Twasema imeandikwa na mtu aliyesimama nje ya nyumba akachungulia dirishani. Wapo walioishi ndani ya nyumba hiyo tangu kuzaliwa, nao wamekwisha kusema yaliyomo. Ni haki wasikilizwe kabla hatujakata shauri juu ya watoto wetu.

Tuanze na waliotazama kutoka nje. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na hapo ndipo usonji ulipoanza kutambulika kama hali ya pekee. Mtoto wa kwanza katika maelezo hayo alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wamweke katika taasisi mbali na nyumbani. Walimweka, na mwaka uliofuata wakamrudisha. Mtoto huyo alikuja kumaliza chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akaendesha gari, akacheza gofu, na akasafiri nchi nyingi. Usonji wake haukuondoka: maneno yake yalikuwa machache, na watu aliowajua aliwapa namba zao. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na mali. Lakini ni kweli pia kwamba watu wa Forest walimzoea, wakamkubali jinsi alivyo. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Wataalamu hawakukosea katika kutabiri tu, bali hata katika kulaumu. Kwa miaka mingi walidai kwamba usonji hutokana na ubaridi wa wazazi, na hasa mama. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza rai hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ingawa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaandika kitabu cha kuipinga. Hatimaye rai hiyo ilitupwa, lakini baada ya kina mama wengi kuishi na dhambi wasiyoitenda. Nasi tusijione tumesalimika. Mara ngapi tumesikia ukumbini kwamba mtoto wa fulani ana jini, au kwamba mama yake alimwachia televisheni? Wengine wakasingizia chanjo ya surua, kwa makala ya mwaka 1998 ambayo jarida lenyewe lililoichapisha liliifuta mwaka 2010.

Sasa tuwasikilize walio ndani. Mwaka 1986 Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyekuja kuwa profesa wa elimu ya mifugo, alichapisha kitabu juu ya maisha yake. Mwaka 1993, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Toronto, Jim Sinclair, naye mwenye usonji, aliwahutubia wazazi. Aliwaambia kwamba huzuni yao ni ya kweli, lakini wanayemlilia ni mtoto waliyemtarajia, na huyo hakuzaliwa. Aliyezaliwa yupo mbele yao, naye anawahitaji. Hakuna mtoto mwingine mzima aliyefichwa ndani ya usonji akingojea kutolewa. Mzazi anayeomba usonji uondoke, kwa masikio ya mwanawe, anaomba aje mtoto mwingine mahali pake.

Maneno hayo ni mazito, na wapo waliochukizwa nayo. Lakini tazameni yanavyobadilisha maana ya yale yaliyomo katika barua ya daktari. Barua yasema mtoto hatazami machoni. Wenye usonji wengi hueleza kwamba kutazama macho ya mtu huwachosha hata wasisikie asemalo, na wanapoinamisha uso ndipo wanaposikiliza. Ajabu ni kuwa sisi, ambao kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa adabu, twamkaripia huyu ili afanane na orodha ya hospitali. Barua yasema mtoto huyumbayumba na kupungapunga mikono. Wao husema kuwa mwendo huo huwatuliza. Nani kati yetu hakusoma chuoni akiyumba mbele na nyuma juu ya msahafu, na mwalimu asiseme neno?

Barua yasema mtoto huziba masikio na kupiga kelele bila sababu. Wao husema sababu ipo: sauti na taa ambazo kwetu ni za kawaida huwaumiza. Waliyasema haya tangu miaka ya 1980, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliyatia katika vigezo vyake. Walio nje walichelewa kujua yale ambayo walio ndani walikuwa wakiyasema.

Hata lile dai kubwa, kwamba mwenye usonji hawezi kuelewana na watu, limetiliwa shaka. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili: wao hawatuelewi, nasi hatuwaelewi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenziwe wa Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio la kupokezana hadithi kutoka mtu hadi mtu, kwa watu wazima 72. Wenye usonji peke yao waliipokezana vizuri sawa na wasio na usonji peke yao. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa.

Kuna mzazi atakayetwambia: “Hao wanaoandika vitabu si kama mwanangu. Wangu hasemi, hujiuma mikono, nami sijalala usiku mzima kwa miaka.” Haki yake, na hatutaki kumpamba maneno. Usonji una daraja nyingi. Mtoto mwenye kifafa, asiyelala au anayeumwa tumbo ahitaji daktari, na asiyeweza kusema afundishwe kuwasiliana kwa picha au kwa mashine. Lakini asiyesema ndiye hasa wa kusomwa kwa makini. Kujiuma mikono huenda ndiko kusema kwake kwamba jino linamuuma, au kwamba chumba kina kelele mno. Mwenye kuona kasoro tu atamfunga mikono, na mwenye kutafuta maana atamtazama kinywani.

Basi tufanyeje? Kwanza, barua ya daktari tusiifiche, kwani hufungua milango ya msaada. Sheria ya mwaka 2014 kwa upande wa England iliweka mpango wa elimu, afya na huduma, unaoweza kumfikisha mwenye kuuhitaji hadi miaka 25, na mzazi akapewa haki ya kuomba mwenyewe tathmini yake. Sehemu ya kwanza ya mpango huo iliwekwa kwa maoni na matumaini ya mtoto na wazazi wake. Wengi wetu huwaachia walimu waijaze. Tuijaze wenyewe: anapenda nini, anaogopa nini, humtuliza nini.

Pili, akishauriwa mzazi aache kuzungumza Kiswahili nyumbani ili asimchanganye mtoto, asikubali upesi. Utafiti wa Montreal uliochapishwa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili huchelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Mtoto anayenyimwa Kiswahili hunyimwa na bibi yake.

Tatu, liko letu sote. Siku ya Idi ukumbini tutenge chumba kimoja kisicho na vipaza sauti. Madrasa zetu zimruhusu mtoto asome akitembea. Na akipiga kelele msikitini, tusimgeuzie mama yake macho. Tukumbuke Surat Abasa iliteremka kwa sababu gani, na kwa ajili ya mtu gani.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hawa subira, na sisi majirani zao atupe masikio. Amin.