Mashine ya kuchomelea: anza na bageti

Kiringye, kijiji cha uwanda wa Ruzizi mashariki mwa Kongo, hakuna uhaba wa chuma kilichokatika. Leo ni ekseli ya mkokoteni uliozidishiwa magunia ya mpunga, kesho ni fremu ya pikipiki au mdomo wa mashine ya kusagia muhogo. Kinachoadimika ni umeme. Mto Ruzizi una mabwawa mawili ya umeme, la kwanza la miaka ya 1950, la pili lililoanza kazi 1989, lakini vijiji vingi vya uwanda, kuanzia Kamanyola kushuka hadi Uvira, bado vinaishi kwa injini. Fundi anayetaka kuifuata kazi ilipo hana budi kutembea na umeme wake.

Njia ziko mbili: mashine moja yenye injini na sehemu ya kuchomelea ndani ya fremu moja, au jenereta ya kawaida na inveta ndogo ya kuchomelea pembeni. Dukani utaonyeshwa namba kubwa za ampea zilizoandikwa ubavuni: 200, 250, 300. Mwachie muuzaji namba zake. Wewe anza na bageti, yaani fimbo ya kuchomelea, unayoichoma kila siku.

Bageti ya milimita 2.5 hutaka ampea 70 hadi 90 hivi, ya 3.2 hutaka 100 hadi 130. Ya 4 huanzia 140. Milango, madirisha na fremu za pikipiki humalizwa na 2.5. Ekseli na trela huhitaji 3.2. Kama bageti ya 4 unaigusa mara mbili kwa mwaka, usiinunulie mashine.

Sasa piga hesabu. Kwa ampea 120, moto wa kwenye ncha hufanya kazi kwa volti 25 hivi, yaani wati 3,000. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo jenereta ya kVA 5 au 6 ndiyo itakayobeba mzigo huo bila kuhema. Ya kVA 3 itachoma 2.5 ukienda nayo taratibu, lakini ukiiwekea 3.2, injini inazama na bageti inaganda kwenye chuma. Mashine za zamani za kuchomelea, zile za transfoma, zina ulafi zaidi, na hudai jenereta kubwa kuliko inveta ya ampea zilezile.

Mwinuko nao una neno lake. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo uwandani hasara inavumilika. Ukiitwa kwenye nyanda za juu za Uvira, penye mita zaidi ya 2,000, moja ya tano ya nguvu uliyolipia imeshakwenda.

Soma pia kibao cha mapumziko. "Asilimia 60 kwa ampea 150" maana yake ni kwamba katika dakika 10 unachoma 6 na kuipumzisha 4. Ikiwa ni asilimia 20, unapata dakika 2 tu, halafu mteja anakutazama ukipunga hewa.

Kabla ya kutoa dola, omba mashine iwashwe. Weka ampea 120, choma bageti nzima ya 3.2, kisha ya pili papo hapo. Sikiliza injini unapogusa chuma: inapaswa kushuka kidogo na kurudi. Ikiyumba hadi bageti ya pili, au moto ukikatikakatika, mshukuru muuzaji uondoke.

Petroli ni nyepesi kubeba na rahisi kununua. Dizeli ni nzito, ila hula mafuta kidogo na hudumu. Vyovyote iwavyo, zima injini na uiache ipoe kabla ya kumimina mafuta. Uwanda huu haujasahau Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipopinduka Sange na moto wake ukaua watu zaidi ya 200.

Kwa fundi anayeanza, ningechagua jenereta ya kVA 6 na inveta. Inveta ikiungua, jenereta bado inachaji simu na kuendesha mashine ya kusagia chuma, na pesa inaingia. Mashine ya fremu moja ni ngumu zaidi na huvumilia kazi za siku nzima, ila ikifa injini, umepoteza vyote kwa pigo moja. Isubiri mkataba wa daraja au paa la shule, mkataba wenye malipo ya awali, kisha uliza kwanza kabureta na brashi zake zinauzwa duka gani Uvira. Kama hakuna anayejua, hata ya bei nafuu ni ghali.