Sindano ya Jicho na Bei Zake Mbili

Katika biashara ya dawa za hospitali ni nadra kuona bidhaa mbili zilizozaliwa katika kampuni moja, zenye kutenda kazi moja, zikiuzwa kwa bei zilizopitana kiasi cha mara arobaini. Na sindano ya jicho, ambayo leo ndiyo tegemeo kubwa la matabibu dhidi ya maradhi ya retina, ni mfano wa nadra hiyo. Retina ni utando ulio nyuma ya jicho wenye kupokea nuru, na aghalabu huharibika kwa uzee au kwa kisukari, pale mishipa midogo ya damu inapovuja au kuota mahali isipostahili kwa kuchochewa na protini iitwayo VEGF, ambayo Napoleone Ferrara na wenzake waliibainisha mwaka 1989 katika kampuni ya Genentech, huko California. Dawa ya kuizuia hutiwa ndani ya jicho lenyewe: mgonjwa hudondoshewa ganzi, jicho husafishwa kwa ayodini, kisha sindano nyembamba huchomwa kwenye weupe, milimita 3.5 au 4 kutoka ukingo wa duara jeusi, na mililita 0.05 za dawa huingia. Shughuli hiyo ni ya dakika chache. Hesabu yake ndiyo ndefu.

Genentech ilitangulia kutoa bevacizumab, kwa jina la Avastin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kisha ikatengeneza ranibizumab, yaani Lucentis, mahususi kwa jicho, iliyopata idhini mwaka 2006 kwa bei ya karibu dola 2,000 kila dozi. Lakini mwaka 2005, kabla Lucentis haijafika sokoni, Philip Rosenfeld, tabibu wa Miami, alikuwa amekwisha kuijaribu Avastin jichoni na kuona uoni wa mgonjwa ukirejea, na habari hiyo ikaenea miongoni mwa matabibu kwa kasi. Kichupa cha mililita 4, kilichokusudiwa mgonjwa wa saratani, mfamasia aliweza kukigawa katika bomba ndogo za sindano kwa makumi ya macho, na kila jicho likahudumiwa kwa dola 50 hivi.

Wenye dawa walipinga, wakisema kwamba Avastin haikuidhinishwa kwa macho na kwamba kuigawa kuna hatari. Hoja hii ya pili haikuwa ya uongo: mwaka 2011 wagonjwa 12 wa Florida walipatwa na maambukizi makali kutokana na bomba zilizojazwa katika duka moja la dawa, na baadhi yao wakapofuka. Ama shaka ya kwamba huenda Avastin ni dhaifu kuliko Lucentis, ilijibiwa mwaka huo huo na utafiti uliogharimiwa kwa fedha za umma wa Marekani, kwa wagonjwa wapatao 1,200 wenye kuharibika kwa retina kwa uzee: baada ya mwaka mmoja, uoni wa waliopewa Avastin na wa waliopewa Lucentis ulikuwa sawasawa.

Msomaji atauliza jinsi dawa ghali ilivyoendelea kununuliwa. Sehemu ya jawabu imo katika kanuni ya bima ya wazee wa Marekani, ambayo kwa miaka mingi imemlipa tabibu wastani wa bei ya dawa pamoja na nyongeza ya asilimia 6. Na asilimia 6 ya dola 2,000 ni dola 120, ilhali ya dola 50 ni dola 3 tu. Simtuhumu tabibu yeyote, lakini mfanyabiashara wa duka la rejareja angeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Ulaya shauri lilifika kwa mahakimu. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza Roche, wenye Genentech, na Novartis, wauzao Lucentis nje ya Marekani, faini ya zaidi ya euro milioni 180 kwa kula njama ya kuitia dosari dawa rahisi. Na mwaka 2018 mahakama ya Uingereza ikaziunga mkono taasisi za afya za kaskazini mashariki zilizotaka kuwapa wagonjwa wao Avastin.

Shirika la Afya Duniani liliingiza bevacizumab katika orodha ya dawa za lazima kwa macho mwaka 2013, na kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako kisukari kinaongezeka na wagonjwa wengi hulipa taslimu, sioni kwamba palikuwa na hiari nyingine. Hata hivyo urahisi wa dozi usitughuri. Kichupa kikifunguliwa hakina budi kugawiwa kwa usafi kamili na kwa baridi isiyokatika, na ili gharama yake igawanyike, wagonjwa hukusanywa siku moja. Wakija wanne badala ya ishirini, ama bei hupanda ama hospitali hubeba hasara. Fauka ya hayo, sindano moja haitoshi: mwanzoni hurudiwa takriban kila mwezi, na mgonjwa atokaye wilaya ya mbali, tena akiwa na mtu wa kumshika mkono, hutumia kwa nauli na siku za kazi zilizopotea zaidi ya thamani ya dawa yenyewe. Ndiyo maana dawa mpya kama faricimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, na ambayo huwawezesha baadhi ya wagonjwa kusubiri hadi miezi minne kati ya sindano na sindano, ingemfaa mkulima wa Singida kuliko tajiri wa Miami, lau bei yake ingeshuka hadi mahali ambapo mkulima huyo angeweza kuifikia.