Mwangaza si kiwi

Liko neno moja la Kiingereza, "glare", lililonipa funzo ambalo sitalisahau. Ni neno fupi, lakini ndani yake mna maana mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mwanga mkali unaoumiza macho, kama jua la alasiri juu ya bahari, au taa za gari lijalo usiku. Ya pili ni jicho lenyewe: mtu aliyekasirika akikukazia macho bila kupepesa, Mwingereza hutumia neno lilo hilo. Hata kosa lililo wazi mno hulipachika sifa hiyo, kana kwamba kosa lawaka.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika chumba cha habari, niliwekewa mezani habari ya mahakama iliyoandikwa kwa Kiingereza. Dereva wa lori, akielekea Mariakani jioni, alikuwa amemgonga msukuma mkokoteni akamvunja mguu. Katika kujitetea alisema sababu ilikuwa "glare": jua lilimkabili usoni.

Neno la haki lilinijia papo hapo, nalo ni kiwi. Lakini nikasita. Nilijiambia kwamba vijana wakisikia kiwi watatazama viatu vyao, maana wengi wao waijua kiwi ya kopo tu. Basi nikaandika kwamba dereva alimgonga mtu yule kwa sababu ya mwangaza.

Ijumaa iliyofuata, tulipotoka msikitini, mzee mmoja alinishika mkono akanivuta kando. Alikuwa babake dereva.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mwangaza ndio umuonyeshao mtu njia. Wewe umeandika kwamba kijana wangu alikuwa na mwangaza, na bado akamgonga mja wa Mungu. Sasa mtaani wamwita Bwana Mwangaza."

"Niwie radhi, mzee wangu. Sivyo nilivyokusudia."

"Najua. Lakini kwani nyumbani kwenu hamsemi kiwi?"

Sikuwa na jibu. Tulichapa masahihisho, mistari mitatu pembeni mwa ukurasa. Jina la Bwana Mwangaza halikumtoka. Masahihisho husomwa na wachache, bali jina la utani hubebwa na mtaa mzima.

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana jambo hili. Mwingereza hulitazama jua: ukali ni wa mwanga. Mswahili hutazama pale mwanga unapofikia, jichoni. Jua lamtia mtu kiwi. Macho yaingia kiwi. Kwa hiyo kiwi ni hali ya macho, si sifa ya mwanga, na mtu aweza kuwa na mwanga tele asione kitu. Hilo ndilo alilokuwa akilisema dereva mbele ya hakimu, nami nikamnyang'anya. Ama jicho la hasira, hilo tuna maneno yake mbali: twamkazia mtu macho, twamkodolea, twamtupia jicho kali. Hatulichanganyi na jua.

Nasi tuliokalia majamvi ya chuo tusingepaswa kupotea hapa. Suratul Baqara, aya ya 20, yataja umeme unaokaribia kunyakua macho ya watu. Suratul Qiyama, aya ya 7, yataja siku ambayo macho yatatiwa kiwi, na kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo, bariqa, ni cha mzizi mmoja na barqi, yaani umeme wa mawinguni. Kisha iko Suratun Nur, ambayo jina lake pekee latosha. Nuru huongoza, umeme hunyakua. Vyote viwili vyang'aa, lakini kimoja chakufikisha nyumbani na kingine chakuacha njiani. Mwanafunzi wa chuoni alijua tofauti hiyo kabla hajashika gazeti.

Basi enyi vijana mnaofasiri habari leo, nawausia ndugu yenu. Msilikimbie neno la nyumbani kwa kuhofia kwamba msomaji halijui. Asiyelijua atauliza, na akiuliza atakuwa amelipata. Kiwi ya kopo hung'arisha viatu. Kiwi cha macho, lau ningekiandika, kingemwepusha mtu na jina baya.