Rejeta, Feni na Thamostati: Namna Gari la Zamani Linavyopozwa Mwanza

Maji yakibandikwa jikoni Mwanza katika sufuria iliyo wazi, hutokota kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Sababu ni mwinuko. Mji uko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na huku juu kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Tanga au Dar es Salaam. Mpishi hana haja ya kuhangaika na tofauti hiyo. Lakini mwenye Land Rover ya miaka ya 1960, anayepandisha mlima wa Bugando saa nane mchana akiwa na mzigo, anazihitaji sana nyuzi hizo nne kabla gari halijachemsha.

Petroli inapowaka ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000, ilhali aluminiamu, metali kuu ya pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Injini ya zamani hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa hutoka na moshi wa ekzosi, na karibu theluthi moja ya nishati yote huingia kwenye chuma cha injini. Kwa kila lita ya petroli, theluthi hiyo inatosha kuchemsha karibu ndoo mbili za maji za lita 20. Isipoondolewa, oili hupungua nguvu, gasketi huungua na silinda hedi hupinda.

Mmoja wa mifumo ya awali ya kuliondoa joto hilo ulikuwa rahisi. Ford Model T, gari lililozinduliwa mwaka 1908, kwa muda mwingi lilitengenezwa bila pampu ya maji. Maji yakipata moto huwa mepesi, hivyo yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta (kipoza-maji kilicho mbele ya injini), yakapoa, yakashuka na kurudi injini. Mzunguko huo ulikuwa wa polepole, na injini zilipoongezeka nguvu ikabidi ziwekewe pampu. Katika magari mengi ya zamani, mkanda mmoja huzungusha pampu na feni. Barabara ya Musoma ikiwa wazi, upepo wa mwendo husaidia sana kupoza rejeta. Kwenye mlima au foleni upepo huo haupo, na feni ndiyo hubeba kazi. Mkanda ukilegea, injini iko hatarini.

Kisha kuna kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidhania kuwa kizibo tu. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke, na shinikizo likiongezeka, maji huchelewa kuchemka. Kifuniko kinachoshikilia pauni 7 kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka hapa Mwanza kutoka nyuzi 96 hadi 108 hivi. Springi ikichoka au mpira ukikatika, faida yote hiyo hupotea. Ndiyo maana pia ni hatari kukifungua injini ikiwa ya moto. Shinikizo hushuka ghafla, na maji yaliyopita nyuzi 96 hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua.

Kosa linaloniuma zaidi hufanywa kwa nia njema. Gari likichemsha, fundi hung'oa thamostati na kuitupa, akisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Thamostati ni mlango. Hufunga njia ya kwenda rejeta injini ikiwa baridi, na nta iliyo ndani yake ikitanuka, mara nyingi kwenye nyuzi 82 hivi, huifungua. Bila mlango huo injini huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi, unyevu huingia kwenye oili na silinda huchakaa. Tena katika baadhi ya injini, thamostati ndiyo huziba njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Magari yaliyotamba katika Safari Rally ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1953, yanatoa ushahidi. Volkswagen Beetle, iliyoshinda mwaka 1962, haina maji kabisa. Feni yake hupuliza silinda zenye mapezi ya chuma, lakini hata hiyo ina thamostati ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Peugeot 404, iliyompa ushindi Bert Shankland wa Tanzania mwaka 1966 na 1967, ilibuniwa na feni yenye klachi ya sumaku-umeme, inayojiachia injini isipoihitaji. Waliounda magari hayo walijua kuwa kupoza injini ni kulishikilia joto mahali pake, si kulifukuza lote.

Maji ya Ziwa Victoria nayo hayafai kumiminwa kwenye rejeta yalivyo. Huja na tope na mwani unaoziba mirija myembamba ya rejeta, na maji matupu hutia chuma kutu. Barafu haitusumbui Mwanza, lakini kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka.

Kabla ya kukubali thamostati itupwe, itumbukize katika sufuria ya maji motoni. Iliyo nzima itafunguka kabla maji hayajatokota. Ikifunguka irudishwe, na ikigoma inunuliwe nyingine, kwani bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kusawazisha silinda hedi iliyopinda.